Wakimbizi wa Kimuli na Karatasi Zao

Sheria ya kwanza ya wakimbizi iliyotungwa na Tanzania huru, ile ya mwaka 1965, ilikuwa na vifungu vinavyohusu mifugo. Waziri alipewa uwezo wa kuamuru wanyama walioingizwa nchini na wakimbizi watunzwe mahali fulani, wauzwe au wachinjwe. Msomaji wa Dar es Salaam huenda akauliza sheria ya watu inatafuta nini zizini. Mtu wa Karagwe haulizi. Wengi waliovuka mto Kagera kutoka Rwanda miaka ile walivuka wakiswaga ng'ombe, na kwa mwenye shamba la migomba upande huu swali la kwanza lilikuwa ng'ombe hao watalishwa wapi.

Chanzo cha safari yao kinajulikana. Mwami Mutara III Rudahigwa alifariki ghafla Julai 1959. Novemba mwaka huohuo ghasia zikalipuka, nyumba za Watutsi zikachomwa, na watu wakaanza kukimbia. Ufalme ulifutwa mwaka 1961 na Rwanda ikapata uhuru tarehe 1 Julai 1962, lakini uhuru huo haukuwarudisha waliotoka. Desemba 1963 baadhi yao walijaribu kurudi kwa silaha kupitia Bugesera. Shambulio lao lilishindwa, na maelfu ya Watutsi waliobaki ndani ya nchi wakauawa, hasa Gikongoro. Wimbi jingine likatoka kuelekea Burundi, Uganda, Kongo na Tanganyika.

Karagwe haikuwa ugenini kabisa. Ufalme wa akina Ruhinda ulikuwa na ujamaa na uhasama wa karne nyingi na majirani zake wa ng'ambo ya mto, na hadi mwaka 1916 pande zote mbili zilikuwa chini ya Mjerumani, Rwanda ikiwa residensi moja na Bukoba, pamoja na Karagwe yake, residensi nyingine. Mto uligeuka mpaka wa dola baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mbelgiji alipochukua upande mmoja na Mwingereza mwingine. Wazee waliovuka mwaka 1960 walikuwa wamezaliwa kabla mpaka huo haujawa na maana yoyote kwa mchungaji.

Kimuli, ambayo leo ni kata katika Wilaya ya Kyerwa, ilikuwa mojawapo ya maeneo ya Karagwe walikopewa ardhi. Wenzao walipelekwa Muyenzi kule Ngara na wengine, waliotolewa Kongo, wakapelekwa Mwesi katika nyanda za juu za Mpanda. Serikali ya Tanganyika haikutaka kambi za kugawa chakula milele. Ilitaka makazi: mkimbizi apewe shamba, alime, ajilishe, kisha wafadhili waondoke. Wakimbizi wengine walisita kupanda mazao ya kudumu, kwa kuwa apandaye mgomba amekiri kwamba hatarudi mwaka kesho. Hesabu hiyo wakuu wa makazi waliielewa vibaya, wakaiita uvivu.

Mwaka 1964 mpango huo ulipata umbo lake. Serikali ilitoa ardhi na utawala. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilitafuta fedha. Shirikisho la Kilutheri la Dunia liliunda tawi lake la Tanganyika, TCRS, likawa mtendaji wa kazi katika makazi mengi ya nchi hii. Mtafiti Charles Gasarasi aliuchambua mfumo huo wa pande tatu katika andiko lililotoka Uppsala mwaka 1984, na kwa haki aliupa sifa zake: barabara, visima, shule, zahanati. Lakini mafiga yalikuwa matatu na nafasi ya nne haikuwepo. Mkimbizi hakuwa upande wa makubaliano, na mwenyeji wa kijiji jirani hakuwa upande pia. Makazi yalipotangazwa kuwa yamejitegemea yalikabidhiwa kwa serikali, na mfadhili akaondoka na majalada yake.

Kwa nini hakukuwa na chama cha kuwasemea? Jibu liko katika zama zenyewe. Kuanzia 1965 nchi ilikuwa ya chama kimoja, na jumuiya huru zilizokuwa na nguvu ya kukohoa mbele ya mkuu wa wilaya zilikuwa chache sana. Za dini zilibaki, lakini kazi yao ilikuwa huduma. Mkimbizi mwenyewe alibanwa zaidi. Sheria ya 1965 iliruhusu aamriwe kuishi mahali palipotajwa, atoke kwa kibali, na akikaidi afungwe. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, wa tarehe 10 Septemba 1969, ambao tunausifu kwa kupanua maana ya mkimbizi barani Afrika, nao uliwakataza wakimbizi kufanya shughuli za kuhujumu nchi yoyote mwanachama. Katika mazingira hayo, watu kumi wakikaa kujadili haki zao wangeweza kuitwa wahujumu na afisa yeyote mwenye haraka.

Mkimbizi wa Kimuli aliishi vema au vibaya kwa kutegemea moyo wa mkubwa aliyekuwepo. Na niseme bila kuuma maneno: mara nyingi moyo huo ulikuwa mkubwa. Mei 1979 Arusha ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Afrika nzima kuhusu wakimbizi, miezi michache tu baada ya majeshi ya Idi Amin kuvuka na kuuharibu mkoa huu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi na ambao baada ya vita ulipewa jina la Kagera. Mwaka 1980 serikali ya Mwalimu Nyerere iliamua kuwapa uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000 kwa pamoja. Hapakuwa na mfano mkubwa kama huo Afrika wakati ule. Mwaka 1983 Nyerere alipewa nishani ya Nansen, na uamuzi huu ulikuwa sehemu ya sababu za heshima hiyo.

Hapo ndipo historia ya Kimuli inapoingia katika jambo dogo lenye matokeo makubwa, yaani karatasi. Kutangaza uraia ni kazi ya siku moja. Kuutoa kunahitaji fomu, picha, kiapo, ada, saini ya Dar es Salaam, na cheti kinachorudi kwa njia ileile hadi mkononi mwa mzee anayeishi mwendo wa siku kutoka ofisi ya wilaya, Kayanga. Gasarasi alilirudia jambo hili katika makala yake ya mwaka 1990: utekelezaji ulivutika, na wengi waliobeba uraia kwa tamko hawakuubeba kwa cheti. Kijijini hakuna aliyejali. Mtu alikuwa na shamba, kadi ya chama, risiti ya kodi ya kichwa, watoto shuleni, mkwe Mnyambo, mwenyeji wa Karagwe. Nani angemuuliza?

Watoto wao walizidi kuchanganya mambo. Sheria ya Uraia ya 1995, katika kifungu cha 5, inasema kila aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano ni raia, isipokuwa katika hali chache kama za watoto wa mabalozi. Ukiisoma kama ilivyoandikwa, mtoto wa mkimbizi aliyezaliwa Kimuli mwaka 1970 ni Mtanzania wa kuzaliwa. Ofisi za uhamiaji hazikuisoma hivyo. Zilidai mzazi mmoja walau awe raia, na hapo cheti kile cha babu ambacho hakikufika kikawa swali la mjukuu. Tofauti hiyo ya usomaji ingepaswa kufikishwa mahakamani mapema na watu wa Karagwe wenyewe. Hakukuwa na wa kuifikisha.

Kisha ikaja miaka ya tisini. Tarehe 1 Oktoba 1990 wapiganaji wa kundi la waasi la RPF waliingia Rwanda kutoka Uganda. Februari 1991 wakuu wa nchi za eneo hili walitoa Azimio la Dar es Salaam kuhusu wakimbizi wa Rwanda, na mwaka 1993 mapatano ya Arusha yakathibitisha haki yao ya kurudi. Mwaka 1994, vita na mauaji ya kimbari yalipokuwa yakiendelea ng'ambo, mto ulipitwa kwa njia mbili. Tarehe 28 Aprili, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao robo milioni waliingia Ngara kupitia daraja la Rusumo, wengi wao Wahutu, na muda si mrefu Karagwe nayo ilikuwa na kambi zenye zaidi ya watu laki moja. Wakati huohuo familia za Kitutsi zilizokuwa Karagwe kwa miaka thelathini zilianza kufunga mizigo kurudi walikotoka baba zao. Mwenyeji wa Kimuli alimuaga jirani wa zamani asubuhi na kukuta mgeni mpya akikata kuni shambani mwake jioni. Kwa kinywa cha watu, wote hao wawili waliitwa Wanyarwanda, jina ambalo halikueleza nani raia, nani mkimbizi, nani alimkimbia nani.

Si wote waliorudi walidumu. Uamuzi wa Rwanda wa kuwapa waliorejea malisho ulikula sehemu kubwa ya Hifadhi ya Akagera, ambayo mwaka 1997 ilipunguzwa kwa karibu theluthi mbili, na bado ng'ombe walikuwa wengi kuliko nyasi. Wafugaji wengine walivuka tena kuja Karagwe. Wengine hawakuwa wameondoka kamwe.

Hao wapya wa 1994 waliondolewa kwa amri. Tarehe 5 Desemba 1996 serikali na UNHCR walitoa tangazo la pamoja kwamba wakimbizi wote wa Rwanda wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31 mwezi huo. Wengi walikimbia kambi kuelekea ndani ya nchi, wanajeshi wakawageuza. Karibu nusu milioni walivuka kurudi. Amnesty International ilipinga, wasomi wetu kama Bonaventure Rutinwa waliandika kwa uchungu juu ya mwisho wa ukarimu wa Tanzania, lakini sauti kutoka Karagwe yenyewe haikusikika kama sauti ya asasi. Kulikuwa na watu waliojua. Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kilutheri, KKKT, ilikuwa imehudumia kambi zile. Kule Ngara, Wajesuti walikuwa wameanzisha Radio Kwizera mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi, na hiyo, tofauti na mahema, ilibaki na kuwa redio ya wenyeji. Mengineyo yaliondoka kwa misafara ya magari meupe. Fedha zilizopita Kagera miaka miwili ile zingeweza kujenga ofisi ya msaada wa kisheria katika kila tarafa. Hazikujenga hata moja ya kudumu Kimuli.

Sheria mpya ya Wakimbizi ya 1998 haikusaidia kuziba pengo hilo. Iliendeleza maeneo maalumu ya kuishi na vibali vya kutoka, na asasi inayotaka kufanya kazi kambini ilihitaji makubaliano na Wizara ya Mambo ya Ndani. Asasi ya namna hiyo hujifunza kuchagua maneno. Anayeingia kwa kibali cha mtu hatamshitaki mtu huyo kwa urahisi.

Mwaka 2006 wafugaji wenye asili ya Rwanda walifukuzwa kwa maelfu kutoka Karagwe na wilaya jirani. Lilikuwa onyo ambalo hakuna aliyelifanyia kazi. Mwishoni mwa Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke. Sababu alizotaja zilikuwa za kweli kwa wananchi: ujambazi wa kutumia silaha barabarani na mifugo iliyovamia mashamba na hifadhi. Septemba 6 ikaanza Operesheni Kimbunga katika Kagera, Kigoma na Geita. Polisi, wanajeshi na maafisa wa uhamiaji walipita vijijini wakidai vithibitisho. Zaidi ya watu elfu kumi walipokelewa Rwanda, katika vituo kama Kiyanzi na Rukara, na maelfu wengine Burundi. Miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wameishi Tanzania tangu 1960, watoto wao waliozaliwa hapa, na wanawake waliotenganishwa na waume. Mashirika ya haki za binadamu na vyombo vya habari viliandika habari za watu waliosema karatasi zao zilichukuliwa au kuchanwa. Wenye vyeti walikuwa na cha kuonyesha, ingawa si kila mara kilitazamwa. Wenye tamko la 1980 peke yake walikuwa na kumbukumbu, na kumbukumbu haina mhuri.

Siku zilezile, Ijumaa ya tarehe 26 Julai 2013, Mahakama Kuu ya Kenya jijini Nairobi ilitoa hukumu. Desemba iliyotangulia serikali ya Kenya ilikuwa imeamuru wakimbizi wote wa mijini wahamishiwe Dadaab na Kakuma. Asasi ya Kituo cha Sheria, pamoja na wakimbizi wenyewe kama waombaji, ilikwenda mahakamani, na Jaji David Majanja akaifuta amri hiyo. Serikali ya Kenya haikuwa na huruma kuliko ya kwetu; miezi michache baadaye iliendesha misako yake mikali. Tofauti ilikuwa asasi yenye umri wa miaka arobaini, iliyoanzishwa 1973, yenye mawakili, majalada ya wateja, na Katiba ya 2010 iliyomfungulia mwananchi mlango wa kushtaki kwa niaba ya wengine. Uganda nayo ilikuwa na Refugee Law Project tangu 1999, iliyozaliwa Kitivo cha Sheria cha Makerere. Kimuli haikuwa na kitu cha namna hiyo kwa umbali wowote ambao mtu aliyeamriwa kuondoka ndani ya wiki mbili angeufikia.

Tusidanganyane kwamba Dar es Salaam ililala. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, kilikuwepo tangu 1995 na kilizungumza. Asylum Access Tanzania ilikuwa ikiwahudumia wakimbizi wa jijini, na baadaye ikajitegemea kama asasi ya Kitanzania kwa jina la Dignity Kwanza. TCRS, lile tawi la Walutheri wa dunia, lilikuwa shirika la Kitanzania tangu 2006. Lakini kutoka Dar es Salaam hadi Kyerwa ni safari ya kuvuka nchi nzima, na operesheni haimsubiri wakili apande basi.

Baada ya vumbi kutulia, njia iliyobaki ilikuwa mahakama ya Arusha. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Tanzania ilimnyang'anya mtu mmoja uraia wake kiholela na kumfukuza bila kumpa nafasi ya kusikilizwa na mahakama yoyote. Iliagiza sheria irekebishwe, kwa kuwa kifungu cha 23 cha Sheria ya Uraia kinaufanya uamuzi wa waziri usiweze kukatiwa rufaa. Novemba 2019 ikatoa hukumu nyingine ya kufanana, safari hii kwa mtu aliyekamatwa mkoani Kagera kwenyewe. Mwezi huohuo Tanzania ikajiondoa katika tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja. Mlango ulifungwa rasmi Novemba 2020. Kesi zile mbili zilipita kwa tundu la sindano.

Mlango wa Arusha ukifungwa, kazi inarudi wilayani, na wilayani hakuko tupu. Karagwe ina WOMEDA, asasi iliyojengwa na wenyeji kuwasaidia wanawake kisheria, hasa katika mirathi na ardhi, na mwanamke aliyeolewa na mtu asiye na karatasi anajua jinsi mashauri hayo yanavyoshikana na uraia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria. Hawaruhusiwi kusimama mahakamani, lakini wanaweza kushauri, kuandika barua, na kumwelekeza mtu ofisi gani aende na nakala gani. Kwa suala la uraia, hiyo ni zaidi ya nusu ya kazi.

Wanaozungumzia kuziimarisha asasi za wenyeji wamekuwa na ahadi nyingi. Mwaka 2016 kule Istanbul wafadhili wakubwa wa misaada ya dharura waliahidi kwamba ifikapo 2020 robo ya fedha zao itakwenda kwa mashirika ya kitaifa na ya wenyeji. Mwaka 2020 ulifika na kupita mbali na robo hiyo. Kwa upande wa pili, kanuni zetu za 2018 zinazitaka asasi zipeleke serikalini kwa idhini kila mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20. Asasi ya wilaya imebanwa kati ya mfadhili asiyeiamini kwa kuwa ni ndogo na msajili asiyeiamini kwa kuwa imepata mfadhili. Ikipewa fedha, nyingi huwa za semina ya siku tatu hotelini, posho, fulana na bango.

Kwa maoni yangu semina hazikuwahi kuwa upungufu wa Kimuli. Kilichokosekana mwaka 1980, 1996 na 2013 ni kilekile: mtu wa karibu mwenye rejista. Asasi inayotetea wakimbizi na watoto wao huko inahitaji kabati la chuma lenye majalada, pikipiki na mafuta, pango la ofisi lililolipwa kwa miaka mitano, msaidizi wa kisheria anayejua Kinyarwanda na Kinyambo, na wakili mmoja Bukoba anayepokea simu. Inahitaji pia kuaminiwa na wenyeji wanaolalamikia mifugo, kwa kuwa asasi itakayoonekana ya upande mmoja haitamaliza mwaka. Wazee waliokula kiapo wanapungua, na vitambulisho vya taifa vya NIDA vimeifanya karatasi ile ya 1980 kuwa nzito kuliko ilivyokuwa: tangu Januari 2020 laini ya simu isiyosajiliwa kwa alama za vidole ilianza kufungwa, na asiye na namba ya NIDA hakuwa na njia ya kuisajili. Katika wilaya za mpakani wabunge wamelalamika mara kwa mara kwamba uhakiki wa uraia unawachelewesha wapiga kura wao. Mjukuu wa mkimbizi yumo katika foleni hiyo pamoja na mjukuu wa Mnyambo, na wote wawili wanaulizwa babu alizaliwa wapi.

Nawaomba vijana wa Kyerwa wenye simu za kamera wasisubiri mradi. Mkae na wazee wa 1960 kabla hawajaondoka. Pigeni picha cheti cha uraia, kadi ya zamani, risiti ya kodi, hati ya ubatizo iliyoandikwa mahali na mwaka. Andikeni majina ya mashahidi wawili walio hai. Nakala moja ibaki nyumbani, ya pili ipelekwe kwa msaidizi wa kisheria wa kata au parokia, na ya tatu itoke nje ya wilaya kabisa, kwa mtu mnayemwamini.